Makipa Wawili na Daftari Langu

Nilipewa makipa kwa sababu ya netiboli. Katika kikao cha walimu mtu mmoja alikumbuka kwamba nilipokuwa sekondari nilikuwa nadaka netiboli, na kwa akili za kikao kilichocheleweshewa chakula cha mchana, hiyo ilitosha. Kipa ni kipa, wakasema. Nikawaeleza kwamba kwenye netiboli hakuna mtu anayejitupa chini, kwamba mimi nafundisha hisabati, na kwamba magoti yangu ni mabovu. Aliyekuwa anaandika muhtasari akaandika kwamba nimekubali.

Chuo chetu ni cha ualimu, kipo upande wa Shinyanga unaoelekea Bugarama, ambako malori ya mgodini hupita na kutupaka vumbi wote bila kujali cheo. Wanafunzi wanakaa miaka miwili, wanapata stashahada, wanaondoka. Kila mwaka kuna mashindano ya mpira ya vyuo vya kanda, na mwaka ule yalipangwa kufanyika Geita. Kocha wa timu alikuwa mwalimu wa michezo, mtu mwenye kitambi cha heshima na filimbi mbili shingoni, moja ya kupuliza na nyingine mpaka leo sijui ya nini. Yeye alishughulika na wachezaji wa ndani. Wa golini aliniachia mimi, na wa golini walikuwa wawili, wote wanajua kazi, na hakuna timu inayoweka makipa wawili.

Majina yao sitayataja, na hata chuoni hatukuyatumia sana. Mmoja alikuwa wa Rwamgasa, mwingine wa Buseresere, na tuliwaita hivyo hivyo.

Wa Rwamgasa alikuwa mwaka wa kwanza. Amekulia machimboni, baba yake ana karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nyuma ya karasha kulikuwa na vilima vya marudio, mchanga laini uliokwisha kuoshwa ukaachwa, na huko ndiko alikojifunzia kudaka. Mtoto aliyejifunzia kudaka kwenye marudio haogopi ardhi hata kidogo. Alijirusha hata pale mpira ulipokuwa unamfuata mwenyewe mikononi. Akishaudaka anabingirika mara mbili, anasimama, anaubusu mpira, kisha anamnyooshea kidole mtu ambaye hayupo. Glavu zake zilikuwa za kijani kinachoumiza macho. Wapishi walimpenda, wasichana wa mwaka wa pili walimpenda, na kocha alimpenda kuliko wote hao.

Wa Buseresere alikuwa mwaka wa pili. Baba yake ni mfanyabiashara wa mananasi, na tangu akiwa shule ya msingi kazi yake wakati wa likizo ilikuwa kusimama juu ya lori kupokea mananasi yanayorushwa kutoka chini. Nanasi halidakwi kwa madaha. Ni zito, lina miiba, ukilidondosha linapondeka, na baba yako yupo hapo chini anakutazama. Ukijitupa nalo, unaanguka kutoka juu ya lori. Kwa hiyo alijifunza jambo moja tu, kuwa mahali linapokuja kabla halijafika. Golini alifanya hivyo hivyo. Hatua mbili ndogo kushoto, na mpira tayari umo kifuani. Ukimtazama unadhani washambuliaji wote ni wapumbavu wanaompiga yeye kwa makusudi.

Kwa kuwa sikujua mpira, nilifanya ninachokijua. Nilinunua daftari kubwa, nikampa kila mmoja kurasa zake, na kila jioni nikaandika kila shuti lilivyokuwa na lilivyoishia. Kurasa za wa Rwamgasa zilikuwa tamu kusoma. "Karuka kama paka, kaupangua kwa ncha za vidole, umegonga mwamba, kaurukia tena." "Kautema, kaudaka kabla haujavuka mstari, watu wamepiga kelele." Kurasa za wa Buseresere zilikuwa hivi: kadaka. Kadaka. Kadaka. Kadaka. Jioni moja nilichoka kuandika neno hilo nikachora chungu pembeni, chenye mfuniko na mvuke unaotoka. Hata hivyo mwisho wa kila wiki nilipojumlisha, jibu lilikuwa lile lile. Yule wa chungu alifungwa magoli machache zaidi, na hakuwahi kuutema mpira ukaenda miguuni mwa adui. Hesabu haijali nani kabusu mpira.

Siku moja wakati wa mapumziko, wa Buseresere akanifuata ofisini. Hakuwa mtu wa maneno. Akaniamkia, nikaitikia, akasimama akitazama vidole vyake.

"Madam," akasema, "mwaka jana nilikaa benchi kwa sababu kulikuwa na kaka wa mwaka wa pili. Sikulalamika. Mwaka huu ni wangu wa mwisho, na Geita si mbali na kwetu. Baba amesema siku hiyo atafunga biashara aje. Hajawahi kuniona nikidaka kitu ambacho si nanasi."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikaona kwamba kwake hilo halikuwa jambo la kuchekwa. Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha kurasa zake, nikamwambia kwamba kipa wa Geita atatoka humo, wala si kwenye mdomo wa mtu. Alisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye chungu alinitazama, mimi nikatazama dirishani. Akashukuru, akaondoka akiwa amenyooka kidogo zaidi kuliko alivyoingia. Ahadi hiyo niliitoa bila kulazimishwa na mtu.

Tatizo likawa kocha. Alisema daftari langu ni la muuza duka, kwamba kipa anatakiwa awape wenzake moyo, na kwamba wa Buseresere ukimtazama unasinzia. Nikamwambia goli la kulala usingizi ndilo ninalolitaka. Tukabishana mbele ya wanafunzi, jambo la aibu kwa watu wenye umri wetu, mpaka tukaitwa kwa Mkuu wa chuo.

Mkuu alikuwa Msukuma wa zamani zile, amebakiza muda kidogo astaafu, na ujanani alikuwa mchezaji ngoma wa kutajwa. Alikuwa wa ngoma ya majembe, analirusha jembe juu, linazunguka, analipokea kwa mpini huku mguu mmoja uko hewani. Hadithi hiyo tulikuwa tunasimuliwa kila mahafali, na jembe lilikuwa linapanda juu zaidi kila mwaka. Alilipokea daftari langu kwa mikono miwili, akalifungua, akalifunga.

Akatueleza, kana kwamba hatukuwa tumezaliwa huku, jinsi mashindano ya ngoma yanavyoamuliwa Usukumani baada ya mavuno. Vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Havipokezani, vinacheza pamoja. Watazamaji wako huru. Wakichoka na hawa wanahamia kwa wale, na kikundi kitakachobaki na watu ndicho kilichoshinda. Ndiyo maana watu wanakuja na chatu, wanakuja na fisi amefungwa kamba, wengine wanakuja na dawa za kuvuta watu. Hakuna jaji anayekaa mezani na kalamu.

"Mwalimu, kalamu inaweza kudanganya," akaniambia. "Mtu hawezi kudanganya kwa miguu yake."

Ikaamuliwa Jumamosi alasiri. Magoli mawili, kipa mmoja kila goli, wapigaji watano kila upande, mashuti kwa wakati mmoja, nusu saa. Watu wangezagaa watakavyo, na Mkuu angekaa kwenye kiti katikati ya uwanja aone wamejaa wapi. Nilipaswa kukataa. Kupanga kipa kwa kanuni za ngoma ni kazi ambayo isingefanyika mahali pengine popote duniani ila kwetu, na mimi mwenye shahada ya hisabati nilikaa pale nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu nusu ya damu yangu ni ya huku huku na, nikisema kweli, jambo lenyewe lilinoga. Nilichopigania nikapata kimoja tu, kwamba daftari liendelee. Kocha aandike kwa wa Rwamgasa, mimi niandike kwa wa Buseresere.

Jumamosi ilipofika walikuja watu ambao hata siku ya matokeo hawaji. Wafugaji wa jirani walikuja na ng'ombe wao, mama wa jikoni akaja na mwiko, mchungaji akaja akidai anapita tu. Kabla ya kuanza nilimkuta kocha ameinama nyuma ya goli la wa Rwamgasa akichokoachokoa udongo. Nikamuuliza anafukia dawa au anafukua. Akasema anaangalia mawe yasije yakamuumiza mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa na urefu wa mlango.

Mkuu akapunga leso, tukaanza. Mwanzoni watu waligawanyika sawasawa, na mimi nikiwa nyuma ya goli langu, kalamu mkononi. Kadaka. Kadaka. Kadaka. Wapigaji wetu walikuwa na hasira kweli, mmoja alipiga shuti lililonifanya nifumbe macho, na nilipoyafumbua mpira ulikuwa tumboni kwa wa Buseresere, yeye akiurudisha kwa upole kama anayerudisha chenji. Nikasikia mzee mmoja mfugaji nyuma yangu akimuuliza mwenzake kama mambo bado hayajaanza.

Halafu upande wa pili ukalipuka. Wa Rwamgasa alikuwa amepangua shuti na kuunganisha na sarakasi ya nyuma. Watu kumi wakahama. Akapangua jingine akaning'inia kwenye mwamba wa juu kwa mkono mmoja, akijipepea kwa ule mwingine. Wakahama thelathini. Mama wa jikoni alivuka uwanja akikimbia na mwiko wake, na sijawahi kumwona akikimbia hata siku sufuria inapofurika. Ng'ombe nao wakafuata. Mmoja wa wapigaji wetu akaangalia kushoto na kulia, akaweka mpira chini, akaondoka zake kwenda kuona. Nikaandika: kadaka. Nyuma yangu palikuwa pamebaki mchungaji peke yake, na baada ya muda naye akakumbuka kwamba alikuwa anapita.

Kelele ile iliyofuata sitaisahau. Nilijiambia naenda mara moja, nitazame, nirudi. Nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe, magoti mabovu na yote, na nilipofika nikajipenyeza hadi mbele. Wa Rwamgasa alikuwa amempa mpigaji mgongo. Ameinama, anamchungulia katikati ya miguu yake mwenyewe. Mpigaji akapiga. Yule kijana akauchapa mpira kwa kisigino, ukapaa, akageuka, akaupokea kifuani akiwa amekaa chini. Nikapiga kelele. Nilipiga makofi daftari likiwa limebanwa kwapani, kalamu imedondoka sijui wapi, nikashikana mikono na mama wa jikoni tukaruka.

Nikiwa katika kuruka huko ndipo nilipogeuka. Ng'ambo ya uwanja wapigaji wawili walikuwa bado wanapiga, na wa Buseresere alikuwa bado golini, nyuma yake nyasi tupu. Alikuwa ananitazama. Mpira ukaja, akasogea hatua moja, akaudaka bila kuniondolea macho. Nilitaka ardhi inimeze. Sikurudi, kwa sababu kurudi mbele ya watu wote wale kungekuwa aibu ya pili, na kwa sababu, Mungu anisamehe, wa Rwamgasa alikuwa anajiandaa tena.

Mkuu hakuhesabu mtu. Alinyanyuka, akakunja kiti, akasema Geita ataanza wa Rwamgasa. Nikamfuata nikihema, nikaanza kumweleza habari za wastani na za mipira iliyotemwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, hata wewe ulikuwa kule."

Ningependa kusimulia kwamba Geita tulifungwa sita na haki ikaonekana. Hatukufungwa. Tulishinda moja bila, na wa Rwamgasa alidaka vizuri sana, kubishia hilo ni wivu. Alipewa kadi ya njano kwa kuning'inia kwenye mwamba, mwamuzi wa huko hakuwa na utani. Kocha alipuliza filimbi zote mbili. Kila mtu alirudi na ushahidi kwamba njia ya ngoma ndiyo njia.

Mimi mchezo wenyewe niliutazama kwa nusu jicho, kwa sababu pembeni yangu alikaa baba wa wa Buseresere. Alikuja na shati lililopigwa pasi na gunia la mananasi, akanisalimu kwa Kisukuma kisha kwa Kiswahili, akaniambia wabeja, yaani asante, kwa kumfundisha mwanaye, akauliza yuko wapi. Nikamwonyesha benchi. Nikasema leo tumempumzisha.

Mzee akalitazama benchi. "Alichoshwa na nini?" akauliza.

 Nilikaa nalo hilo swali kipindi chote cha pili, na mpira ulipokwisha, vijana wakicheza na kuimba kuzunguka basi letu, tukiwa tumekaa kivulini mwa basi hilo na mzee akimenya nanasi, mwanaye amechuchumaa karibu, nikasema yote. Kwamba daftari lilimchagua mwanaye. Kwamba nilimwahidi. Kwamba siku ya kuamua nilikuwa peke yangu niliyebaki upande wake, na nikamwacha nikaenda kulikokuwa na watu.

Mzee akaacha kumenya. "Huko alikuwa anafanya nini huyo mwingine?"

"Sarakasi," nikasema. "Na kudaka akiwa amegeuka nyuma, kwa kisigino."

"Kwa kisigino?"

"Kwa kisigino."

Akafikiri. "Mwalimu, hata mimi ningeenda," akasema, na akacheka mpaka kisu kikatikisika. Mwanaye naye akacheka, kidogo, kwa adabu. Mimi sikuweza. Nilijua alikuwa ananisamehe, lakini hakuwa yeye aliyesimama golini siku ile, na kucheka kwake kulinichoma kuliko ambavyo matusi yangenichoma.

Ndipo wa Buseresere akaniuliza kama lile daftari ninalo. Lilikuwa kwenye mkoba. Akalifungua kwenye kurasa zake, akasogea karibu na baba yake, ambaye alisema miwani ameiacha nyumbani, basi asomewe. Akaanza tangu siku ya kwanza. Shuti la kushoto, kadaka. La juu, kadaka. La karibu, kadaka. Mzee aliacha nanasi mapajani, akageuza sikio, akawa anasikiliza kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Kila baada ya muda alimzuia. Hilo la juu, juu wapi? Aliyepiga ni mkubwa? Na mwanaye, ambaye miaka miwili sikuwahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo, akawa anamweleza, akimwonyesha kwa mikono mahali mpira ulipotokea na mahali miguu yake ilipokuwa. Walipofika kwenye magoli aliyofungwa aliyasoma pia, hakuruka hata moja. Walipofika kwenye chungu mzee akauliza hiki ni nini, akaambiwa ni chungu, Madam alikichora. Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa kana kwamba hilo nalo ni sehemu ya mpira.

Wenzetu walikuwa wameanza kupanda basi, dereva anapiga honi. Wakafika ukurasa wa mwisho, wa Jumamosi ile. Kadaka, kadaka, kadaka, kadaka, kisha mistari mitupu mpaka chini.

"Hapa mbona amenyamaza?" mzee akauliza.

"Hapa Madam alikuwa amekwenda kule."

Mzee akaweka kidole chenye maji ya nanasi juu ya ile karatasi nyeupe, akakishusha polepole, mstari kwa mstari. "Na hapa je?"

"Hapa nilidaka," mwanaye akasema.

"Yote?"

"Moja lilinipita, baba. Mengine nilidaka."

Nikatafuta kalamu kwenye mkoba, nikamwomba daftari, nikaanza kuandika. Dereva akapiga honi tena, nikamwambia asubiri.